Jiko Likiwaka

Huko nyuma ya hoteli, ambako wageni hawafiki lakini shuka zao hufika kila siku, kulikuwa na mwanamke mpiga pasi aliyejua vibwagizo vya nyimbo zote na asijue ubeti hata mmoja. Wimbo ukipigwa mara moja tu redioni, kibwagizo kilimganda kichwani. Beti zenyewe ziliingia sikio hili zikatokea lile. Sasa mtu wa namna hiyo hufanyaje akifika kwenye ubeti? Wengine huguna. Wengine hupiga mluzi wakisubiri sehemu wanayoijua. Yeye hakuwa na subira ya kusubiri wala haya ya kumnyamazisha. Aliujaza ubeti kwa chochote kilichokuwa kikimsumbua siku hiyo: pasi isiyoshika moto, mwenye nyumba, kisigino kinachouma, doa la divai kwenye kitambaa cheupe. Akifika kwenye kibwagizo alikuwa ameshalia, ameshagomba na ameshacheka, na rundo la shuka limepungua.

Shoga yake wa kazini, yule aliyeshika ncha nyingine ya kila shuka waliyoikunja, alizijua habari zote za nyumba ya mwenzake kwa njia ya beti. Walikunja kwa mapigo ya wimbo: wanavuta, wanakutana katikati, wanaachana, wanavuta tena. Asubuhi ambayo mpiga pasi alifika na uso umemvimba kwa kulia, shoga aliokota ncha yake ya shuka na kusema, "Usinihadithie, niimbie. Ukinihadithia tutalia wote wawili na kazi itatushinda."

Basi akamwimbia, na kazi ikaenda.

Jina la mpiga pasi lilikuwa Kibwagizo, na alipewa na mume wake wiki ya kwanza ya ndoa. Halikuwa jina la sifa. Mume alikuwa fundi wa funguo, na kibanda chake cha bati kilibanwa kati ya duka la viatu na duka la simu, kidogo kiasi kwamba mteja mnene ilibidi asimame nje na kupokea ufunguo wake kupitia dirishani. Mtu wa funguo hapendi mambo ya karibu karibu. Jino moja likikosewa, mlango haufunguki, na mwenye mlango anarudi na maneno. Kwa hiyo alipozisikia nyimbo anazozipenda zinavyochinjwa jikoni kwake, moyo ulimuuma kweli kweli.

Kulikuwa na wimbo mmoja wa zamani waliocheza pamoja kabla hajamposa. Ulianza hivi:

*Niliondoka alfajiri, taa ikiwaka,*
*nimezunguka dunia, miguu imechoka,*
*usizime taa, usizime taa, mimi narudi.*

Kibwagizo alikiweza kibwagizo tu. Yaliyotangulia aliyaimba anavyojua mwenyewe:

*Niliondoka alfajiri, jiko likiwaka,*
*nimerudi mbio mbio, wali umekauka.*

"Taa," mume aliita kutoka chumbani. "Ni taa. Mtu gani anasafiri na kuacha jiko linawaka?"

"Mimi nimewahi."

"Wimbo haukuhusu wewe."

"Basi mbona unanijua hivyo?"

Mabishano haya yaliendelea miaka yote ya ndoa yao, na binti yao alikua akidhani kwamba kila nyumba ina mama anayekosea nyimbo na baba anayezisahihisha, kama vile kila nyumba ina mlango na dirisha. Fundi hakuchoka kusahihisha, na mkewe hakusikia. Walipendana sana, lakini hilo la nyimbo halikuwahi kupatiwa suluhu.

Kisha mambo yakaenda mrama, na yalipoamua kwenda mrama hayakuja moja moja.

Binti alikuwa ameposwa na kijana fundi wa friji, mpole, mwenye masikio makubwa na adabu zake. Siku ya harusi ilishapangwa. Asubuhi moja fundi wa funguo alikuwa akimchongea mteja ufunguo, mkono wa kulia ukalegea, ufunguo ukaanguka, na yeye akafuata. Wa duka la viatu na wa duka la simu walimbeba hadi hospitali. Daktari alisema ni kiharusi, tena kimemwonea huruma, mguu utarudi, mkono utarudi pole pole. Kuhusu kuongea, hakuahidi kitu.

Lilibaki neno moja. Daktari alimuuliza jina lake, akafikiri kwa makini, akajibu, "Kufuli." Alimuuliza yuko wapi. "Kufuli." Alimuuliza huyu mama aliyesimama hapa ni nani, na fundi akamtazama mke wake kwa mapenzi yote ya dunia, machozi yakamlengalenga, akasema, "Kufuli."

"Abee," Kibwagizo aliitikia. Angefanyaje?

Nyumbani mambo yalikuwa vilevile. Chai ilikuwa kufuli, dirisha lilikuwa kufuli, na uchungu wa mguu ulikuwa kufuli yenye sauti ya juu. Alijua anachotaka kusema, hilo lilionekana machoni, ila neno likifika mlangoni linageuka. Alikuwa akipiga ngumi kwenye goti lake zima kisha anageukia ukuta. Hilo ndilo lililomuumiza Kibwagizo kuliko yote. Tangu amjue, mume wake hakuwahi kuugeukia ukuta.

Na wakati huo huo tangi la jirani wa juu likapasuka, maji yakashuka moja kwa moja juu ya kitanda. Kule hotelini bomba la mashine kubwa ya kufulia likafyatuka na wafanyakazi wote wakawa wanatembea kwenye povu hadi magotini. Mshonaji wa gauni la harusi akagombana na mwenye chumba cha kushonea, akafungiwa nje, na gauni likabaki ndani na mkono mmoja. Paka, ambaye hata hawakujua kama ni jike, akazaa ndani ya sanduku la vitambaa vya harusi.

"Mama, tuahirishe," binti alisema. Alikuwa ameketi sakafuni, na kitoto cha paka kimelala kwenye kiatu chake. "Nitaolewaje baba hawezi hata kuniita?"

Fundi alikuwa kwenye kiti chake pembeni. Alisikia. "Kufuli," alisema, kwa ukali, akatikisa kichwa. Ilikuwa wazi kwamba anakataa, lakini baada ya hapo akageukia ukuta.

Kibwagizo akajikaza kisabuni. Akachukua shati la mume wake, akawasha pasi, na kwa kuwa hakukuwa na shoga wa kushika ncha ya pili, akaliimbia shati.

*Maji yanatoka juu, kitanda kinaogelea,*
*paka kazaa sandukuni, harusi inasogea,*
*usizime taa, usizime taa, mimi narudi.*

Binti akaanza kucheka huku anafuta kamasi. Kibwagizo alipoona amechekesha mtu, akapanda juu zaidi, akaanza wimbo toka mwanzo, kwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

*Niliondoka alfajiri, jiko likiwaka...*

Na kutoka kwenye kile kiti kilichogeukia ukuta ikaja sauti, nzito, yenye vumbi, iliyojaa kero ya miaka mingi.

*...taa ikiwaka,*
*nimezunguka dunia, miguu imechoka...*

Neno kwa neno, jino kwa jino, bila kukosea.

Pasi ikasahauliwa juu ya shati hadi moshi ukatoka. Kibwagizo hakujali. Alisimama mdomo wazi, na fundi mwenyewe alikuwa ameduwaa kuliko wote, mkono wake mzima umegusa midomo kana kwamba anahakikisha ni ya kwake.

"Baba," binti alisema. "Sema tena."

"Kufuli," alisema fundi. Uso ukamwanguka.

Lakini Kibwagizo alikuwa ameshaelewa. Mwanamke aliyesahihishwa miaka yote ile hakushindwa kujua pa kubonyeza. Akaimba, safari hii akikosea kwa makusudi na kwa madoido, "Niliondoka adhuhuri, paka akiwaka," na mumewe akashindwa kabisa kujizuia. Aliusahihisha ubeti mzima. Akakosea mwingine, akausahihisha. Walikwenda hivyo nyimbo zote walizozijua, yeye anaharibu na mume anatengeneza, binti akipiga makofi sakafuni, mpaka jirani wa juu akashuka kuuliza kama harusi imeletwa mbele na yeye hakuarifiwa.

Pale hospitalini kulikuwa na mtaalamu wa matamshi, dada mchangamfu mwenye miwani ya kamba. Walipomsimulia hakushangaa hata kidogo, alifurahi tu. "Kuongea na kuimba havikai chumba kimoja kichwani," aliwaambia. "Chumba kimoja kimeharibika, cha pili kiko salama. Sasa tunatumia mlango wa chumba cha pili. Chukueni maneno mnayohitaji kila siku, yawekeeni nyimbo anazozijua, aimbe badala ya kusema. Pole pole mengine yatarudi yenyewe."

Sasa ndipo nyumba ile ilipopata wazimu mtamu. Chai iliwekwa kwenye wimbo wa watoto wa kuruka kamba. Soksi na viatu vilikwenda kwenye tangazo la sabuni la redioni. "Fungua dirisha" ilipewa wimbo wa huzuni wa mapenzi, kwa hiyo kila joto lilipozidi fundi alidai hewa kwa sauti ya mtu aliyeachwa. Kibwagizo ndiye aliyetunga maneno, kwa sababu kutia maneno mapya kwenye wimbo wa watu ndiyo kazi aliyoizoea. Na fundi, ambaye zamani angemfukuza kwa kosa kama hilo, aliyapokea yote na kuyaimba kama alivyopewa.

Kwa jambo la haraka kuliko yote, lile ambalo halisubiri ubeti wa pili, walihitaji wimbo mwepesi wa kutoka wenyewe. Wakauchagua ule anaoujua kila mtu, wa shangwe, wenye mapigo ya kutembea. Maneno yake ya asili ni *Njooni tumpokee, mgeni wetu kafika*. Kibwagizo akayabadilisha yakawa *Njooni mnipeleke chooni, nimebanwa*. Ulifanya kazi vizuri ajabu. Fundi akianza tu *njooni*, aliyekuwa karibu anaacha alichoshika na kumwahi mkono. Hata mchumba wa binti alifundishwa, na kwa kuwa alikuwa na masikio yale, alikuwa mwepesi kuliko wote. Anaweza kuwa anarekebisha friji jikoni, akisikia *njooni* anatua bisibisi na kufika kabla ya *mnipeleke*.

Wimbo ule unaimbwa wapi zaidi ya pale nyumbani, hakuna aliyejiuliza. Walikuwa na mambo mengi.

Kaka mkubwa wa fundi alifika wiki ile. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kwa sababu hakuwahi kukutana na hafla asiyoihutubia, ukoo mzima ulimwita Mheshimiwa. Alikuwa mtu mwema, ila maneno yalimpenda naye aliyapenda. Aliketi karibu na mdogo wake, akamshika mkono.

"Mdogo wangu, pole. Usihangaike. Siku ile kipaza sauti kikija kwa baba wa bibi harusi, nitasimama mimi. Nimeshaandaa maneno."

"Marefu, shemeji?" Kibwagizo aliuliza.

"Ya kiasi tu. Naanzia kwa babu yetu."

Fundi aliutoa mkono wake pole pole. Akatafuta wimbo. Ilionekana anautafuta, macho yanapanda dari yakishuka, mpaka akaupata ule wa tangazo la sabuni, akauimba bila soksi wala viatu: *Mimi mwenyewe, mimi mwenyewe, mimi mwenyewe.* Ndiyo maneno pekee aliyoweza kuyaingiza, na akayarudia mpaka kaka yake akainama na kusema haya, sawa, bwana.

Tangu hapo fundi hakutaka kingine. Alitaka kumwambia binti yake neno, kwa kinywa chake, mbele ya watu, siku anapotoka nyumbani. Kibwagizo akamtungia maneno machache kwenye wimbo wao wa zamani:

*Mwanangu nenda salama, kwenu hakujafungwa,*
*siku yoyote ukija, ukigonga utafunguliwa.*

Walifanya mazoezi kila jioni, mlango umefungwa ili binti asisikie. Siku nyingine alifika mwisho safi kabisa. Siku nyingine alikwama pale mwanzo, kwenye neno *mwanangu*. Neno hilo lilimkaba. Alipolifikia uso ulimlegea, moyo ulimjaa, na kilichotoka ni kufuli.

"Wewe hukwamishwi na ugonjwa hapo," Kibwagizo alimwambia, akimfuta jasho. "Hapo unakwamishwa na mapenzi. Na mimi ningekwama."

Kusema kweli alikuwa na hofu. Kule kazini, shuka mikononi, aliimba ubeti ambao shoga yake hakuupenda, juu ya mtu anayesimama mbele ya ukumbi mzima na kusema kufuli huku watu wanacheka. Aliogopa kwamba siku hiyo ikienda vile, mume wake atageukia ukuta na asigeuke tena.

"Huo ubadilishe," shoga alisema. "Vuta shuka, ubadilishe."

Siku ya harusi gauni lilikuwa na mikono miwili, maana mshonaji aliingia chumba kile kwa dirisha na akajisifia hilo. Vitambaa vilifuliwa, vikapigwa pasi na mabingwa wa hoteli nzima, na kama vilikuwa na manyoya mawili matatu ya paka hakuna aliyesema. Ukumbi ulijaa. Fundi alivaa suti ya kijivu na viatu alivyovidai mwenyewe kwa wimbo. Alikuwa amsindikize binti yake kutoka mlangoni hadi mbele, ambako bwana harusi alisimama akitabasamu, masikio yamewiva kwa furaha.

Mlango ukafunguliwa. Baba na binti wakasimama, mkono katika mkono. Mpiga muziki akaona wametokea, akabonyeza, na wimbo wa kumpokea bibi harusi ukalipuka ukumbini. Ukumbi mzima ukasimama na kuimba.

*Njooni tumpokee, mgeni wetu kafika...*

Kibwagizo alikuwa katikati ya kigelegele alipotambua. Kigelegele kikamfia kooni.

Kwa sababu juu ya sauti zote, nzito, safi, ya mtu aliyefanya mazoezi kila siku, ilipanda sauti ya baba wa bibi harusi, akitembea kwa madaha na binti yake mkononi:

*Njooni mnipeleke chooni, nimebanwa!*

Bwana harusi hakufikiri. Mwili wake ulimtangulia. Aliruka ngazi za jukwaa, akapita katikati ya viti vya wazee, akamwahi baba mkwe mkono wa kulia na kuanza kumgeuza kuelekea mlango wa pembeni. Shoga wa kazini, aliyezijua beti zote, akamwahi mkono wa kushoto. Msafara ukakunja kona. Akina mama waliokuwa nyuma, wakidhani ndivyo ilivyopangwa, wakafuata na vigelegele, na mpiga picha akafuata kinyumenyume akipiga picha, hadi watu wote walipofika mbele ya mlango wa choo na wimbo ukaisha.

Fundi alitazama mlango. Akamtazama mkwe wake, aliyekuwa anahema. Akatikisa kichwa: hakubanwa. Alikuwa anaimba tu na wengine.

Kilichofuata kilianzia tumboni kwa fundi. Alianza kutikisika mabega, kisha akacheka, cheko la zamani, lile la kibandani lililokuwa linasikika hadi duka la simu. Binti yake akaangua kicheko na kumwegemea kifuani. Bwana harusi alikaa chini kabisa, pale pale sakafuni na suti yake mpya. Hata Mheshimiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Walilazimika kuanza msafara upya, na mpiga muziki aliombwa kwa heshima zote aweke wimbo mwingine.

Lakini kipaza sauti hakikusahau kazi yake. Baada ya watu kula, kilifika mbele ya fundi, na lile cheko likawa limeondoka. Alisimama. Binti yake alisimama mbele yake akimsubiri. Ukumbi ulinyamaza vizuri, kwa nia njema, na kimya cha nia njema ndicho kinachotisha.

Alifungua mdomo. Kibwagizo aliona *mwanangu* linavyopanda, akaona linavyokwama.

"Kufuli," alisema fundi kwenye kipaza sauti.

Mahali fulani kule nyuma mtoto alicheka akanyamazishwa. Fundi akajaribu tena, jasho linamtoka, akitafuta mwanzo wa wimbo, na maneno yote ya jioni zote yalikuwa yamepotea. Mheshimiwa alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti, akamtazama shemeji yake kumuuliza. Na fundi akaanza, pole pole, kugeuza uso kuelekea ukutani.

Kibwagizo hakungoja. Alisimama pale alipo, bila kipaza sauti, na akafanya kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho duniani. Alikosea wimbo.

*Niliondoka alfajiri, jiko likiwaka...*

Uso wa fundi ukarudi. Ile kero ya zamani ikapita machoni mwake, ikamfanya asimame wima. Kibwagizo alimsubiri aseme taa. Sahihisha, mzee wangu, alimwomba moyoni, nisahihishe mbele ya watu wote hawa. Fundi akavuta pumzi.

*...jiko likiwaka,*
*nimerudi mbio mbio, wali umekauka,*
*usizime taa, usizime taa, mimi narudi.*

Kibwagizo alidhani amesikia vibaya. Lakini mume wake alikuwa ameshamgeukia binti yake, na hakuishia hapo. Aliendelea na ubeti mwingine, usiokuwemo kwenye wimbo wowote:

*Mtoto ana homa leo, paa nalo lavuja,*
*ndoo zote zimejaa, na mvua bado yaja,*
*usizime taa, usizime taa, mimi narudi.*

Huo ulikuwa ubeti wa Kibwagizo. Aliuimba mara moja tu, mtoto amelala begani, nyumba ile ya kwanza, maji kila kona, na kesho yake akausahau kama alivyosahau yote. Na huyu mtu, aliyeita kutoka chumbani kwamba wimbo haukuhusu wewe, alikuwa ameuweka.

*Kiatu kimoja wapi, shule inafungua,*
*kimoja kipo mguuni, kingine mbwa kachukua...*

"Nakikumbuka," binti alisema, analia na kucheka. "Baba, nakikumbuka kile kiatu."

Ukumbi ulikuwa umeshashika kibwagizo. Kila fundi alipomaliza mistari yake miwili, watu walimpokea, *usizime taa, usizime taa, mimi narudi*, wapishi wametoka jikoni na vijiko, Mheshimiwa anaongoza kwa mkono kana kwamba ndiye aliyetunga. Kulikuwa na ubeti wa mwenye nyumba, na wa mtihani, na wa bomba la hotelini. Fundi alizitoa moja moja kama mtu anayetoa funguo mfukoni, kila moja na mlango wake. Ya mwisho ilikuwa ya juzi tu, maji yanatoka juu, kitanda kinaogelea. Alipofika *harusi inasogea* alimshika binti yake kichwa kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule unaorudi, na hakuna aliyemuuliza kama hotuba imekwisha.

Jioni, watu walipokuwa wanakusanya viti, wazazi wa bibi harusi waliketi nje ya mlango wa nyuma wa ukumbi, viatu vimevuliwa, miguu juu ya kreti la soda. Binti alikuwa ameshaondoka. Walikuwa hoi.

"Kumbe ulikuwa unaziweka," Kibwagizo alisema.

Fundi aliinua bega moja.

"Basi na mimi leo nakupa haki yako, mzee wangu. Nakuimbia ilivyo, usije ukasema sijawahi." Akasafisha koo, akaweka mikono magotini kama mwanafunzi, akaimba kwa uangalifu mkubwa kuliko alivyowahi kuimba maishani mwake.

*Niliondoka alfajiri, taa ikiwaka...*

Kidole kiliinuka mbele ya uso wake. Akanyamaza. Fundi alikuwa amekunja uso, midomo inahangaika, ikijipanga, ikikataa, ikijipanga tena. Hakutafuta wimbo. Dari ya kutazama haikuwepo, alimtazama yeye.

"Jiko," alisema.

Kibwagizo hakusogea. "Umesemaje?"

"Jiko," alirudia fundi, wazi, bila wimbo wowote, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiita nayo kutoka chumbani miaka yote. "Ni jiko."